Mbwa wa Nani Huyu?

Leo nina swali ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam amewahi kulisikia likiulizwa kwa ukali: mbwa wa nani huyu? Huulizwa mbwa anapopindua pipa la taka, anapomkimbiza mtoto anayetoka tuisheni, au anapojilaza katikati ya njia na bodaboda ikanusurika kumgonga. Jibu karibu kila mara ni lile lile: si wa mtu, mbwa koko tu. Mazungumzo yanaishia hapo, linaokotwa jiwe.

Mimi jibu hilo silikubali, na jioni hii nataka niwaeleze kwa nini.

Watafiti waliofuatilia mbwa hapa Tanzania kwa miaka mingi wamekuta kwamba wengi mno kati ya hawa tunaowaona wakizurura wana wenyewe. Ukitazama mtaani kwako utaona ni kweli. Yuko mbwa ambaye mchana yumo ndani ya ukuta, getini pameandikwa kwa rangi nyekundu "Mbwa Mkali", na saa nne usiku anafunguliwa alinde nyumba. Mwenye nyumba analala akijua analindwa, kumbe mlinzi wake yuko mitaa mitatu mbele, anagombania mifupa nyuma ya bucha. Yuko mwingine aliyeachwa na mpangaji. Mpangaji alihama na kitanda, friji na televisheni, lakini chumba kipya mwenye nyumba hataki mbwa, basi mbwa akabaki pale pale uani. Na yuko yule wa saiti. Jengo lilipoanza kuchimbwa msingi, mlinzi alileta kimbwa cha miezi miwili kimsaidie usiku. Walikula pamoja sahani ya ugali na dagaa kwa miaka miwili. Jengo likaisha, vioo vikawekwa, kampuni nyingine ya ulinzi ikaja na watu wake. Mlinzi wa kwanza akarudi kwao. Mbwa hakuambiwa kitu. Mpaka leo analala mbele ya geti lile, na kila asubuhi wenye ofisi wanamfukuza.

Huyo wa saiti ana historia nzima, na mtaa unaijua. Muulize mama mwenye genge pale kona atakwambia alikuja lini, alikuwa wa nani, amezaa mara ngapi, anaogopa nani na anamtii nani. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: huyu tumhesabu kuwa wetu.

Kwa paka jambo hili liko wazi zaidi. Chukua nyumba moja ya Kiswahili kule Magomeni, vyumba sita, korido katikati, choo na jiko uani. Paka ni mmoja na hakuna aliyemnunua. Anashinda chumba cha mbele kwa fundi cherehani kwa sababu pale pana vitambaa vya kulalia. Mchana yuko jikoni. Jioni, mama wa chumba cha tatu anapotoa karai barazani kukaanga samaki, paka yuko mguuni pake kabla mafuta hayajachemka. Yule mama ana utaratibu wake. Utumbo hampi ukiwa mbichi, anauchemsha kwenye kopo la maziwa lililokwisha, anauacha upoe, anautia kwenye kifuniko cha ndoo kando ya mlango wa uani. Pembeni pana bakuli la maji, na maji hayo humwagwa na kujazwa upya kila asubuhi na mtoto wa chumba cha tano, ambaye amepewa kazi hiyo na mama asiye wake. Hakuna kikao kilichokaa. Lakini paka huyo akikosekana siku mbili, vyumba sita vyote vinaulizana.

Hilo ndilo ninalotaka tulitazame. Ujirani wetu unajua kushirikiana msiba, unajua kushirikiana harusi, kukopeshana chumvi na kuangaliana watoto. Kumwangalia mnyama tumekuachia huruma ya mtu mmoja mmoja, na huruma ya mtu mmoja ikisafiri, mnyama anabaki mikononi mwa Mungu.

Safari nyingi ni za Desemba. Mnajua jiji linavyokuwa kuanzia tarehe 20: mabasi yamejaa, magari ya watu binafsi yamepanga foleni kuelekea Chalinze, Moshi na Arusha zinaita, Bukoba inaita, Iringa na Mbeya zinaita. Ndani ya mageti kunabaki mbwa amefungwa mnyororo na sufuria ya ugali uliokwisha kuchacha siku ya pili. Kama yupo mlinzi au dada wa kazi, heri. Kama hayupo, jirani husikia kilio usiku kucha, anakasirika, na hajui la kufanya kwa sababu geti limefungwa na namba ya simu hana. Ndugu yangu unayesafiri, kabla ya kukata tiketi nenda kwa jirani. Mwachie ufunguo. Mwachie unga, dagaa na pumba zilizopimwa, si hela tu. Mwonyeshe mbwa akiwa umemshika wewe, mmpe chakula pamoja mara mbili au tatu, amzoee. Mwachie namba ya daktari wa mifugo. Ukirudi na ndizi au mchele wa Kyela, mletee. Na mwakani yeye akienda kwao kwa Idi, wewe ndiye utakayemwangalizia kuku na paka.

Hapa najua baadhi yenu mnatikisa kichwa. Mtaa wa Dar una Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta, na mbwa ni jambo ambalo watu hawataki kuligusa kwa maneno wala kwa mkono. Tuliseme wazi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wa pwani hii wanayoifuata, mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Jirani mwenye mbwa anayejua hilo na kulipuuza, akamwacha mbwa aingie kwenye baraza ambalo mwenzake anasalia, anamkosea mwenzake. Lakini katika madrasa za pwani hii hii watoto wetu hufundishwa habari za yule mtu aliyemkuta mbwa anahema kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Hufundishwa pia habari za mwanamke aliyemfungia paka bila chakula mpaka akafa, na adhabu iliyompata. Mafundisho haya mawili hayagombani. Mtu anaweza kulinda udhu wake na bado asimwache mbwa wa jirani afe kwa kiu. Nimewaona majirani wa Temeke wakilimaliza jambo hili kwa urahisi kabisa: chombo cha mbwa kinakaa nje ya uzio na hakichanganywi na vyombo vya nyumba, maji yanamiminwa kwa jagi kutoka juu, chakula kinatupwa kwa mbali. Mwenye mbwa naye anahakikisha kamba haifiki mlangoni pa mwenzake. Basi. Hapakuhitajika mjadala.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi hii ya leo. Ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu, kwa makadirio ya wataalamu, unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Karibu wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Virusi hupita kwenye mate, huingia kwa jeraha, husafiri kwa mishipa ya fahamu taratibu kuelekea ubongoni. Safari hiyo huchukua wiki, mara nyingi miezi. Chanjo ikiwahi njiani, mtu anapona. Dalili zikishaanza, mgonjwa akashindwa kumeza na akawa anashtuka kwa kuona maji, hakuna hospitali inayoweza kumrudisha. Ndiyo maana nasema kwa uchungu kwamba mtoto anayekufa kwa ugonjwa huu kwa kawaida aliumwa mbele za watu. Majirani waliona. Pengine walimpa pole, wakampaka majivu au mafuta ya taa, wakamfunga kitambaa, jioni mambo yakasahaulika.

Kwa hiyo sikilizeni kwa makini. Mtoto akiumwa na mbwa au paka, hata akikwaruzwa tu damu ikatoka, mpeleke bombani. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, sabuni yoyote, ya mche inatosha, kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyofikiri, mtoto atalia na utataka kuacha, usiache. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, akaanze sindano, na zile zinazofuata zimalizwe kwa tarehe alizopangiwa. Sindano hizo si rahisi kwa mfuko wa mtu wa kawaida, na hapa pia ndipo jirani anapohesabika. Mchango unaofanywa kwa mgonjwa wa ajali unafaa kufanywa kwa mtoto huyu, na ufanywe leo, usisubiri mwisho wa mwezi.

Na mbwa aliyeuma? Mtaani kwetu anapigwa marungu papo hapo, anatupwa mtaroni, na kwa hasira hiyo tunapoteza habari muhimu kuliko zote. Kama ni mbwa wa nyumbani na anakamatika bila mtu mwingine kuumwa, afungwe mahali salama, apewe chakula na maji, aangaliwe kwa siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku aliyouma hawezi kuzimaliza siku hizo akiwa mzima. Atadhoofika au atakufa. Akiwa mzima siku ya 10, mama wa mtoto anapata usingizi. Akifa kabla, afisa mifugo aitwe, na watu wote aliowauma au kuwaramba kwenye kidonda watafutwe. Lakini narudia: mtoto hazingojei siku hizo 10. Yeye anaanza matibabu siku ya kwanza.

Nani atamlisha mbwa huyo siku 10 wakati mtaa mzima umemkasirikia? Nani atakwenda kumwangalia asubuhi na jioni, na kumpa taarifa mama wa mtoto bila kumdanganya? Kazi hiyo haina mshahara na haina bango. Inafanywa na jirani au haifanywi.

Wako wanaosema dawa ni kuwaua wote. Kila baada ya muda utasikia katika mji fulani wa Afrika Mashariki mbwa wamepigwa risasi au wamewekewa sumu. Naielewa hofu inayozaa uamuzi huo, hasa kwa mzazi, lakini uamuzi wenyewe haufanyi kazi. Ukiua mbwa wa mtaa, nafasi yao na majalala yao yanabaki, na ndani ya muda mfupi wengine wanahamia, wachanga, wasiochanjwa, wasiojulikana na mtu. Na katika mauaji ya namna hiyo wanakufa kwanza wale waliozoea watu, wanaokuja ukiwaita, ambao ndio walikuwa rahisi kuchanja.

Tafiti zilizofanyika Serengeti na Ngorongoro zilionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huwaambukiza mbwa wengine wasiofika wawili. Maana yake ugonjwa huu unaishi kwa uzi mwembamba. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100, na ukarudia kila mwaka, uzi unakatika. Tuna ushahidi wa karibu kabisa, Pemba. Kisiwa kile kilianza kuchanja mbwa wake kisiwa kizima mwaka hadi mwaka, na kufikia Mei 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetokomea. Baadaye chanjo ikalegalega. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena. Wakarudi kuchanja kisiwa kizima, na Oktoba 2018 wakautokomeza mara ya pili. Wapemba karibu wote ni Waislamu, na mbwa kule si mnyama wa kuingizwa sebuleni. Walitazama maslahi ya watoto wao, wakawaleta mbwa.

Siku ya chanjo ni siku nzuri kuitazama. Meza moja chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule, boksi la barafu, afisa mifugo wa kata na mwenzake mmoja wa kuandika kadi. Wanaoleta mbwa mara nyingi ni watoto. Wanakuja na kamba za katani, na waya wa umeme, na mikanda ya suruali ya baba. Mbwa mmoja anavutwa na watoto watatu, mwingine amebebwa kifuani amefunikwa kanga. Ni watoto hao wanaojua kwamba yule mwenye doa jeusi jichoni anaitwa Simba na kwamba akishikwa na mtu mzima atauma, lakini kwa mdogo wao wa darasa la pili anatulia. Wasikilizeni. Na msiwaache watoto wa mbwa nyumbani kwa kudhani ni wadogo mno, nao wachanjwe. Paka pia wachanjwe, maana nao huugua na huuma.

Yule mbwa wa saiti hatafika pale mezani peke yake, na hapa ndipo lile swali la nani mwenyewe linapopata kazi. Mama wa genge anayemtupia makombo, kijana wa bodaboda anayepaki karibu yake, mlinzi mpya ambaye ameanza kumzoea, mmoja wao amshike. Kadi ya chanjo iandikwe jina la yeyote kati yao. Kwa kuandikwa hivyo hawajachukua mzigo mkubwa. Wamekubali tu kwamba mwakani tarehe kama ile watamleta tena.

Niseme kidogo juu ya uzazi, kwa sababu chakula peke yake hakitoshi. Paka jike hubeba mimba ya miezi miwili hivi, na anaweza kushika mimba kabla hajafikisha miezi sita. Kwa mwaka anaweza kuzaa mara mbili, hata tatu. Ndiyo yale maboksi na viroba tunavyovikuta alfajiri sokoni au nje ya msikiti, vimejaa watoto wa paka ambao macho hayajafunguka. Aliyewaleta pale anajiambia amewapa nafasi ya kuishi. Hapana. Watoto wa umri huo bila mama yao hawafikishi siku tatu. Daktari wa mifugo anaweza kumhasi dume na kumfunga kizazi jike, na majirani wanne au watano wakichanga, gharama inabebeka. Mahali pengi duniani paka wa mtaani aliyekwisha kufanyiwa hivyo hukatwa ncha ndogo ya sikio akiwa bado kwenye usingizi wa dawa, ili asikamatwe tena bure. Na wale waliokwisha kuzaliwa, waacheni na mama yao mpaka wafikishe wiki nane, kisha tangazeni. Mwenye ghala la mchele anataka paka. Mwenye duka la unga anataka paka. Hata shule yenye stoo ya chakula inamtaka.

Jambo la sumu ya panya nitalisema kwa ufupi maana linajulikana na bado halifanyiwi kazi. Panya aliyekula sumu anatembea kwa kulegea, paka anamkamata bila shida, na paka naye anakufa. Ukiamua kuweka sumu, gonga mlango wa kushoto na wa kulia uwaambie. Na paka akiugua msimpe dawa zenu za kabatini. Parasetamoli, hii hii ya kichwa tunayomeza kila siku, ni sumu kali kwa paka. Kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Ni vizuri iwepo. Lakini mimi sitegemei polisi aje kumwekea paka maji.

Dunia imejiwekea lengo kwamba kufikia 2030 asife mtu tena kwa kichaa kinachotokana na mbwa, na kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kimataifa ya kupambana nacho. Nawaombeni msiingoje tarehe hiyo. Kesho asubuhi, unapopita ofisi ya serikali ya mtaa, ingia. Muulize mwenyekiti au mtendaji: chanjo ya mbwa na paka mtaani kwetu ni lini, na afisa mifugo wa kata yetu anapatikana wapi? Kama wana tarehe, iandike na uipeleke kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na kwa wale wasio na simu janja nenda mlango kwa mlango. Kama hawana, waombe mwende pamoja kata mkaiulizie. Ukishaipata, tuletee hapa kituoni: jina la mtaa, siku, mahali na saa. Wiki ijayo, kabla sijaanza mazungumzo mengine, nitazisoma zote, polepole, kila moja mara mbili, ili anayetafuta kalamu aipate.